Mtoto Aliyefunikwa Chini ya Taa

Katika wodi ya wazazi nilikuwa na sifa ya ukali, na sikuichukia. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Masasi, chini ya uwanda wa juu, na akina mama waliotoka juu, Newala, kuja kujifungulia kwetu walikuwa wameshaonywa kabla hawajapanda gari: yuko nesi mmoja mfupi, ukiangukia zamu yake fanya anachosema. Mfupi nilikuwa kweli. Ukali wenyewe niliutumia zaidi katika chumba kimoja, kile cha taa.

Kilikuwa stoo ya mashuka kabla hakijawa chumba cha taa. Fundi seremala wa hospitali alitengeneza kitanda kidogo cha mbao chenye kingo, na juu yake akafunga taa ndefu sita za rangi ya buluu zilizoletwa na marafiki wa kanisa kutoka nje. Hapo tuliwalaza watoto wachanga waliogeuka manjano. Mtoto akizaliwa, sehemu ya damu yake huvunjika, na kinachobaki ni uchafu wa manjano unaosubiri ini lianze kazi. Kwa wengi ini huanza baada ya siku chache na mambo yakaisha. Kwa wachache umanjano unazidi kupanda, na ukipita kiasi unaingia kwenye ubongo, ukaua au ukaharibu masikio. Mwanga ukiipiga ngozi huugeuza uchafu huo ukaweza kutoka kwa mkojo na choo. Lazima uipige ngozi. Kwa hiyo mtoto alilazwa uchi, nepi tu, na kitambaa cha kumkinga macho.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kwetu, huku chini na kule juu, mtoto ambaye kitovu hakijadondoka hakai mbele ya watu. Anawekwa ndani, anafunikwa, na siku ya kutolewa nje inajulikana na ina utaratibu wake. Sasa mzazi anatoka Kitangari, anafika kwetu, anamkuta nesi anamvua mtoto nguo na kumlaza chini ya taa kali katika chumba ambacho mlango wake haufungi sawasawa. Nikigeuza mgongo tu, kanga inapanda juu ya mtoto. Nyakati nyingine kitenge. Mara moja nilikuta sweta la mtumba.

Nilikuwa na swali langu moja ambalo wodi nzima walilijua. Niliivuta ile nguo, nikaishika juu, nikauliza kwa sauti, "Taa inamtibu mtoto au inaitibu kanga?" Wazazi waliinama. Wengine walicheka kwa aibu. Hakuna aliyewahi kunijibu, wala sikuuliza ili nijibiwe.

Zile taa za buluu zilizimika moja moja. Zamani, taa ikifa, tuliandika barua tukasubiri boksi kutoka nje, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa miezi. Lakini hii ninayoisimulia ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Masasi yaliyokuwa na sabuni ya mgao na rafu tupu yalijaa ghafla redio, betri, baiskeli za kila rangi, viatu vya plastiki. Korosho zilianza kununuliwa na watu binafsi wenye magari yao. Na taa ndefu zilipatikana dukani, kwa Mhindi na kwa Mswahili, siku yoyote. Zilikuwa nyeupe, si za buluu, lakini ziliwaka. Katibu wa hospitali alinunua sita, fundi akazifunga, kazi ikaendelea.

Mimi nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwanzoni mwa msimu wa korosho, wakati wa taa hizo nyeupe.

Kwa desturi yetu anayekuja kumtunza mzazi ni mama yake mzazi. Wangu alikuwa ameshafariki. Akaja mama mkwe, kutoka Mnyambe, juu ya lori lililoteremka kuchukua magunia. Alikuja na unga wa mtama, kuku wawili waliofungwa miguu, na kanga zake. Sikuwa na haki ya kumdai safari hiyo, na yeye hakunifanya nijione nadaiwa. Alifua nguo zangu za damu kwa mikono yake mwenyewe, akistaajabia bomba la hospitali. Kule kwao maji yalifuatwa bondeni, kwenda na kurudi ni nusu siku, kwa hiyo aliufungua mfereji polepole na kuufunga haraka.

Ni lazima nieleze jinsi nilivyokuwa kwake. Mimi ni mtoto wa misheni, mzaliwa wa Lulindi, babu yangu alikuwa katekista na baba yangu mwalimu. Nilipochumbiwa, watu wa upande wa mume wangu walisema wasichana wa Lulindi wamesoma sana, huyu atatupanda kichwani. Maneno hayo yalitufikia. Shangazi yangu aliniketisha siku mbili kabla ya harusi akanipa somo, na katika somo lote nililolishika barabara ni hili: mkwe hakosolewi. "Akitia chumvi kwenye chai," alisema, "kunywa, na ushukuru." Nikaamua kwamba kwa hao watu nitakuwa mkamwana asiye na dosari. Wodini nilikuwa simba, Mnyambe nilipiga magoti kusalimia hadi magoti yakaota sugu.

Nilipoteza damu nyingi katika kujifungua. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia. Nilikuwa dhaifu wa mwili. Akili yangu ilikuwa nzima.

Siku ya tatu nilimbonyeza mwanangu kwenye paji la uso, nikaona manjano. Nikabonyeza kifua, manjano. Tumbo, manjano. Kabla ya adhuhuri alikuwa chini ya taa, uchi, amefungwa kitambaa machoni, na mimi nimeketi kwenye kiti hatua mbili kutoka kwake. Mchana walifika ndugu wa mume wangu kutoka Mnyambe, wanawake wanne, waliokuja kuona mtoto. Walisimama mlangoni.

Mama mkwe aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto yuko uchi hivi na watu wanapita."

"Ndiyo tiba yenyewe, mama," nilisema.

"Haya."

Akafungua kanga yake ya juu, akaikunjua, akamfunika mtoto kuanzia shingoni hadi miguuni. Alifanya hivyo vizuri, kwa mkono mwepesi, akiichomeka pembeni ili isimpande usoni. Kisha akawageukia wageni akawaambia karibuni.

Ile sentensi yangu ilikuja hadi kwenye meno. Nilikuwa nimeisema mara mia kwa wanawake wasionihusu. Niliwatazama wale wanne mlangoni, nikamtazama mama mkwe ambaye asubuhi ile alikuwa amefua shuka langu, nikaimeza. Nilijiambia wageni wakiondoka nitamfunua. Waliondoka. Mama mkwe aliendelea kuketi pale, na kanga ikaendelea kukaa pale.

Ilikwenda hivyo siku mbili. Nikimnyonyesha, kanga inatoka. Nikimrudisha, kanga inarudi. Nilijiambia uso na shingo vinapata mwanga, vitatosha. Nilijua havitoshi. Wenzangu wa zamu walichungulia mlangoni wakacheka, "Sisi tunakuja kufanya nini huku, mwenyewe si upo?" Wakaenda kwa wagonjwa wengine, na walikuwa sahihi kwenda, maana mtu wa kumwangalia yule mtoto kweli alikuwapo.

Asubuhi ya siku ya tano mwanangu alikataa titi. Kilio chake kilibadilika kikawa chembamba, kirefu. Nilipomwinua aliukunja mgongo kwa nyuma kama upinde. Nilikuwa nimewaona watoto wawili wakifanya hivyo katika kazi yangu, na nilijua maana yake kabla sijafika mlangoni kumwita daktari.

Daktari wetu alikuwa kijana wa kutoka mikoa ya kaskazini, mpole kupita kiasi. Alimbadilisha damu siku hiyo hiyo, akitoa kidogo na kuingiza kidogo kwa saa nzima na zaidi, na mtoto akanusurika kufa. Baadaye aliniuliza, "Taa zilikuwa zinawaka muda wote?"

"Zilikuwa zinawaka," nilisema.

Aliinua macho akazitazama zile taa nyeupe. "Ni hizi za dukani," alisema. "Siku hizi kila kitu ruksa, hakuna anayejua kimetoka wapi." Taa zikang'olewa, barua ikaandikwa ng'ambo kuomba za buluu. Mwenye duka la Masasi hakuwahi kujua kwamba alishitakiwa, na mimi sikufungua mdomo kumtetea.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikua, alichelewa kukaa, akakaa. Alipokuwa na miezi kumi nilimweka kwenye mkeka, nikasimama nyuma yake, nikagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Hakugeuka. Niligonga tena, karibu zaidi. Nilirudia kwa wiki kadhaa, kila siku baada ya chai, mpaka mume wangu akaniomba niache. Nililia sana siku niliyoacha. Sikuwa nimelia kabla ya hapo.

Sasa lazima niseme habari ya kinga. Miaka ile neno hilo lilikuwa limepanda hadi vijijini pamoja na ukimwi. Gari la kipaza sauti lilipita Mnyambe, semina zikafanyika kanisani na kwenye ofisi ya kata, na kila mtu akajifunza kwamba mwilini mna kinga na kwamba kinga inaweza kuisha. Mwanangu alikuwa mtoto wa kuugua. Malaria, kifua, masikio kutoa usaha, malaria tena. Mama mkwe, ambaye alimpenda yule mtoto kuliko wajukuu wake wote, alikaa na mambo hayo kwa muda, akayaunganisha, akapata jibu: ile taa ndiyo iliyomla kinga. Ilimchoma damu ikiwa bado changa, ikamwondolea kinga, na masikio yakaenda pamoja nayo. Alilisema jambo hilo bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini mhogo haukuzaa. Alitaka hata asichanjwe surua, akihofia sindano itakuta mwili hauna kitu cha kuipokelea. Hapo nilimchanja kwa siri, siku aliyokwenda shamba.

Nilimuuliza daktari kama taa inaweza kudhuru kinga ya mtoto. Hakunicheka. Alisema mwanga unapita kwenye ngozi, na damu inapita chini ya ngozi, kwa hiyo si ajabu kama unazigusa zile chembe za kinga kwa namna fulani, kwa muda. Wapo wanaolichunguza jambo hilo na hawajakubaliana. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kuhusu suala hili, na bado hawajakubaliana. "Lakini mwanao," aliniambia, "anaumwa malaria kwa sababu anang'atwa na mbu. Na alianza maisha kwa kupigwa vibaya na manjano." Halafu akaongeza kwamba kama zile taa zingekuwa nzima, leo nisingekuwa na swali la kumuuliza. Nilimshukuru nikatoka.

Ningeweza kwenda Mnyambe wiki hiyo na kusema. Sikwenda. Taa ilikuwa mshitakiwa mzuri, haina ndugu wa kuwakosea heshima. Mama mkwe hakuwa na hatia moyoni mwake, na nilijidanganya kwamba namhurumia yeye.

Maneno kama hayo hayakai nyumba moja. Yule nesi mkali wa Masasi, mtoto wake mwenyewe amewekwa kwenye taa, tazameni alivyo. Akina mama walianza kukataa. Walikuwa wakija zamani wakifunika kwa kanga, sasa walikuja wakikataa chumba chenyewe, na wakiniangalia mimi walipokataa. Mmoja wa Kitangari alimfunga mwanawe mgongoni akaondoka mchana kweupe, mtoto wa manjano hadi nyayo, na mimi niliyekuwa na ulimi wa kumzuia nilikunja mashuka. Sikufuatilia yule mtoto aliishia wapi. Ningeweza kufuatilia.

Mwanangu alikuwa anakwenda mwaka wa saba wakati wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alipojifungua Mnyambe, nyumbani kwa mama yake. Nilikuwa likizo, nimepanda na binti yangu. Siku ya tatu wifi aliniita ndani akanionyesha mtoto. Nilimbonyeza paji la uso, kifua, tumbo, magoti. Nikatoka uani.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama, na jirani wawili wamekaa karibu na ndoo zao. Nilipiga goti.

"Mama, mtoto inabidi ateremshwe Masasi leo. Yule mnunuzi wa korosho ana pikapu."

"Masasi kwenye taa?"

"Kwenye taa, mama."

Aliendelea kupepeta. "Huyu hapana," alisema. "Mmoja anatosha. Huyu atakaa hapa hapa, jua la asubuhi litamtosha, na kinga yake atabaki nayo." Binti yangu alikuwa ameketi miguuni pake akichambua vijiwe kwenye mtama. Aliangalia midomo ya bibi yake, akaangalia yangu.

"Taa haikumdhuru," nilisema. "Haikumfikia. Alikuwa amefunikwa."

"Nani alimfunika?"

Jirani mmoja aliinuka akachukua ndoo yake. Mwenzake alimfuata. Nilisubiri wafike njiani, na hata hapo sijui kama nilikuwa nasubiri kwa ajili ya mama mkwe au kwa ajili yangu.

"Wewe, mama. Kwa kanga yako. Siku mbili."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayehesabu siku kurudi nyuma, afike kwenye ile anayoitafuta.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Umelala?"

"Nilikuwa macho."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Aliweka ungo chini. "Mimi nimesomea nini?" aliuliza. "Nimesomea kulima. Wewe serikali imekusomesha, kanisa limekusomesha. Kwa nini hukuniambia mama toa kanga? Maneno matatu. Ningekataa?"

"Niliogopa kukukosea adabu."

Alilirudia hilo neno adabu polepole, mara moja tu, huku akimwangalia mjukuu wake anayechambua vijiwe. Kisha akainuka, akafunga kanga yake kiunoni, akaenda mlangoni akamwambia binti yake, "Mvishe mtoto. Tunashuka."

Tulishuka na pikapu, wifi mbele na mtoto, mama mkwe na mimi nyuma juu ya magunia, binti yangu katikati yetu. Hospitalini taa za buluu zilikuwa zimefika zamani. Nilimvua mtoto, nikamlaza, nikamfunga kitambaa machoni. Mama mkwe aliifungua kanga yake ya juu. Nilimtazama mikono. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

Aliikalia siku tatu. Ndugu walipoteremka kutoka Mnyambe, wakasimama pale pale mlangoni waliposimama wale wa kwanza, mmoja wao alianza kuvua mtandio, akasema mtoto wa watu uchi namna hii. Nilikuwa koridoni na trei ya dawa. Nikamsikia mama mkwe akiuliza, kwa sauti iliyofika hadi wodi ya wanaume, "Taa inamtibu mtoto au inautibu mtandio?" Sijui nani alimfundisha. Wagonjwa walikuwa wakiniiga, huenda aliokota kwao. Hakuna aliyecheka.

Mtoto alishuka manjano, akanyonya, akarudi Mnyambe akiwa na rangi yake. Jambo la kanga halikutajwa tena, wala sikushitakiwa kwa mume wangu, nilimwambia mwenyewe. Mama mkwe aliendelea kunipokea vizuri kila nilipopanda. Shikamoo yangu aliiitikia. Kabla ya hapo aliniita mwanangu. Baada ya hapo aliniita nesi, na aliniita hivyo mpaka alipofariki.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuokota korosho, nilikuwa uani kwake tena. Yule mtoto wa wifi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mnene, anacheza na kibuyu. Binti yangu alikwenda jikoni akarudi na mfuniko wa sufuria na kijiko. Alipokuwa na miezi kumi hakuona nilichokuwa nafanya nyuma yake, kwa hiyo lazima aliniona nikiwapima wengine, wale niliowapima kila siku kliniki. Alisimama nyuma ya mtoto, akanyoosha mikono, akagonga.

Mtoto aligeuka. Binti yangu alicheka, akahamia upande wa pili, akagonga tena. Mtoto akageuka tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, kila mara akicheka zaidi, mpaka yule mdogo akachoka akarudia kibuyu chake.

Kisha akaja kwangu. Aliniwekea mfuniko mkono mmoja na kijiko mkono mwingine. Akaenda kuketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama alivyonyoosha mtoto, akanipa mgongo. Niligonga. Niligonga tena kwa nguvu, kuku wakakimbia. Alikuwa ametulia, shingo wima, anasubiri nianze.